Mstari wa Ukungu

Bukuru ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amekaa nyuma ya pacha wake akimsuka, na uzi wa shingoni ulipomkera mkononi akauvuta juu, kidani kikatoka ndani ya gauni.

"Mbona chako kimeingia maziwa?"

Nilikuwa nasoma geji ya gesi na sikugeuka. Watoto wale walikuwa wameniuliza maswali tangu tulipoanza kupanda, na mimi si mtu wa maswali. Mimi ni fundi wa plastiki. Karakana yangu nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikapewa kazi ya kuwapandisha watu watatu wa mwisho waliobaki Chini, yaani mapacha hawa na mama yao, na nilichokitaka safari nzima ni kimya.

"Shangazi Mauwa, kidani cha Butoyi kimeingia maziwa. Changu hakijaingia."

Hapo niligeuka.

Kule Chini, mita mia sita ndani ya Ziwa Tanganyika, tuliishi kizazi kizima tukichimba tope la madini. Watu walitoka pande zote nne za ziwa. Mama Bukuru ni Muha wa Kasulu. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa Mbembe wa Fizi, na tope lilimfunika kabla mapacha hawajajua kutambaa. Nyumba zetu zilikuwa na mgandamizo uleule wa maji ya nje. Tulipumua gesi nyepesi, sauti zetu zikawa nyembamba za vifaranga, na aliyetaka kwenda Juu alipanda polepole kwa wiki tatu ili mwili uiteme gesi bila kupasuka. Tulikiita chombo cha kupandia lifti, kwa utani tu, maana konokono angetupita akatusubiri mbele. Kilikuwa kama kikombe kilichopinduliwa, sakafu yake ina tundu lililo wazi kwa ziwa. Maji hayaingii kwa sababu gesi inayazuia, na mgandamizo wa ndani ni ule wa maji ya mahali ulipo. Ukipanda, unapungua, na hakuna namna ya kuuzuia.

Kisha tetemeko likapasua nguzo za mji, na ikaamuliwa sote tutoke.

Kwa mapacha hao haikuwa kuhama tu. Kwetu mtoto aliyezaliwa Chini alipandishwa akishakua, akaonyeshwa jua, na ngoma ikapigwa. Tuliita kutolewa nje, kama wazee walivyowatoa vichanga vyao. Pacha hatolewi bila pacha. Bukuru, aliyetangulia kuzaliwa, hutoka mbele, na Butoyi hufuata akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Walikuwa wameifanyia mazoezi hatua hiyo kati ya vitanda mpaka nikawakemea.

Butoyi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Hakukuwa na muda wa kumpandisha, kwa hiyo daktari wa Chini wa wakati huo aliliziba tundu lile kwa kiraka kilichomiminwa kwenye karakana yetu. Kilichobaki kwenye kalibu kilikatwa vipande viwili, kila pacha akavishwa chake. Ndiyo ilikuwa desturi: ukipewa kiraka, salio lake unalivaa, lisiwe takataka. Vilikuwa vidani vinavyoonyesha kama kioo, unaona mpaka alama za vidole upande wa pili.

Nikamwambia Butoyi akivue, nikakiweka kiganjani pamoja na cha nduguye. Kimoja kilikuwa safi kama siku kilipokatwa. Cha Butoyi kilikuwa na ukungu katikati. Nilikikunja kidogo pembeni, na kipembe kikakatika kama biskuti.

"Wewe chako hukivai?" nilimwuliza Bukuru.

"Uzi unaniwasha. Nakitundika pale." Akanyoosha kidole kwenye msumari uliokuwa ukutani, ukuta ambao upande wake wa pili ni ziwa.

Nilikaa chini. Mama Bukuru, aliyekuwa akikunja nguo, aliniangalia usoni akaacha kukunja.

*

Nieleze kwa nini nilikaa.

Kile kiraka ni plastiki mbili, moja ngumu na moja laini, na zile mbili hazipendani. Juu ukizichanganya, kila moja inarudi kwa jamaa zake na unapata kitu cheupe kinachovunjika. Lakini pima kibaba cha mahindi na kibaba cha ulezi, uvichanganye. Hupati vibaba viwili kamili, kwa sababu ulezi unajipenyeza kati ya mahindi. Plastiki zile nazo zikichanganyika huchukua nafasi ndogo kuliko zikiwa mbalimbali, na mgandamizo hupenda kila kinachobana nafasi. Kwa hiyo kule Chini zilikubaliana, zikawa kitu kimoja, kigumu na chepesi kukunjika. Zipo jozi nyingine zenye tabia ya kinyume, ukizikandamiza ndipo zinapoachana, lakini hizo hatukuzitumia. Mafundi tuliiita hii ndoa ya mkeka. Maadamu wazee wamekaa mlangoni, bwana na bibi watakaa pamoja.

Tulijua wazee wangeondoka siku mwenye kiraka akipanda, ndiyo maana tulipima. Kila kipande kipya kilichomiminwa kilipelekwa Juu kwanza kikaangaliwe. Lakini ndani ya lifti ni kwa wanaopumua. Hilo ni neno tuliloachiwa na waliotangulia, tangu gesi ilipokuwa haba, na hakuna aliyelivunja. Mizigo yote ilipanda kwenye wavu nje, ndani ya maji. Vipande vilifika vikiwa safi, Juu wakatuandikia kwamba havina neno, nasi tukashukuru.

Vilipanda kwenye maji ya baridi. Joto ndilo adui wa pili wa ndoa ile, maana hutikisa zile nyuzi za plastiki zikataka nafasi, na zikitaka nafasi zinaachana. Baridi ilikuwa imefanya kazi ya mgandamizo njia nzima, na hakuna aliyeiona. Mwili wa mtoto una joto. Sisi tulikuwa tumepima ziwa, mwili hatukuupima, na kwa kuwa wengine wenye viraka walifia Chini, Butoyi alikuwa wa kwanza wao kupandishwa.

Na moyoni kuna joto kuliko kifuani. Kidani kikiwa kimeanza, kiraka kimetangulia.

Nilishika mkono wa winchi nikaturudisha chini upesi, maana kushuka hakudhuru, nikampa Butoyi kidani chake akiweke kwapani. Kisha nikamwita Dokta Ngoyi kwenye simu ya waya. Alikuwa Juu, kwenye meli, na moyo ndiyo kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanielewa.

Kesho yake ukungu ulikuwa umepotea. Nilishusha pumzi. Halafu nikakumbuka kwamba jua liko upande ule mwingine.

*

"Tumefika kwenye mstari," nilimwambia Mama Bukuru. Tulikuwa mita mia mbili na ushee. "Chini ya hapa kiraka kinashika. Juu ya hapa kinaachana, na kutoka hapa mpaka Juu ni kama wiki. Kiraka hakimalizi wiki."

"Basi tusipande."

"Tukirudi Chini hakuna mji. Umejaa maji, na chumba cha upasuaji pia."

"Sijasema turudi. Tukae hapa hapa." Alisema kwa sauti ya chini, mapacha walikuwa wamelala, wamekumbatiana kama walivyolala tangu tumboni. "Dokta si amesema wanaweza kutuletea gesi?"

"Amesema. Hakusema mpaka lini."

"Mtu anayepumua, Fundi, humwondoi mahali anapopumua. Nimezika mume kwenye tope. Sitazika mtoto juani."

Nikamweleza njia ya pili, ile tuliyoijadili na Dokta. Baridi ingeweza kushika nafasi ya mgandamizo njia nzima, kama ilivyofanya kwa vile vipande. Ingebidi mwili wa Butoyi upozwe mpaka nyuzi za joto ishirini na tisa hivi na ubaki hapo wiki nzima, kwa dawa ya kumlaza na kuzuia mtetemeko, mpaka akabidhiwe kwa wapasuaji. Wako wanaoamka kutoka baridi ile. Wako wasioamka, na wako wanaoamka wakiwa wamepungukiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Ila aulizwe."

"Nani?"

"Butoyi."

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. "Mtoto wa miaka kumi umwulize habari za kifo? Wewe huna mtoto, ndiyo maana."

Ni kweli sina. Neno lile lilinichoma na linanichoma mpaka leo, lakini mkono wa winchi ulikuwa wangu, na niliogopa. Niliogopa kupanda, na niliogopa pia kumning'iniza mtoto ndani ya kikombe maisha yake yote bila yeye kusema lolote, ili mimi nilale vizuri.

Hatukuhitaji kubishana zaidi. Butoyi alikuwa macho. Alikuwa amelala ubavu, kidani kiko kwapani, anatusikiliza.

"Shangazi," akasema, "nikibaki, Bukuru atatoka?"

"Atatoka."

"Peke yake?"

Mama yake akavuta shuka akamfunika Bukuru miguu.

"Na mimi nitakaa humu mpaka lini?"

Nikaangalia mle ndani. Mtu mzima akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. "Mpaka wachoke kuleta gesi," nikasema, "au mpaka wapate dawa nyingine. Sijui."

"Nikipoozwa nitaumia?"

"Utasikia baridi. Baridi mbaya. Halafu utalala, na huenda usiamke, Butoyi. Sikudanganyi."

Pacha wake alikuwa bado amelala, mkono umemzunguka kiuno, na yeye akauangalia ule mkono.

"Basi nipozeni," akasema. "Tumeshafanya mazoezi ya kutoka."

Mama Bukuru akageukia ukuta. Siku nzima hakusema na mimi wala na watoto. Chakula nilipika mimi, na kilikuwa kibaya, na mapacha walikila kwa adabu. Kama angesema hapana mara ya pili, sijui ningefanya nini. Nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu la kuniridhisha. Lakini hakusema. Aliinuka, akatoa kitenge kipya cha kijani ndani ya begi, kile alichokiweka kwa ajili ya siku ya kutolewa nje, akapiga magoti kwenye tundu la sakafu akakichovya ziwani.

"Mimi ndiye nitakayemfunika," akasema. "Mkono uwe wangu, usiwe wako."

*

Gesi ile nyepesi huiba joto. Nilizima hita tu, na kabla chai haijapoa vizuri kwenye vikombe tulikuwa tunatetemeka wote. Sisi watatu tulivaa kila tulichokuwa nacho. Butoyi tulimlaza kwenye wavu juu ya tundu la maji, ndani ya kitenge kilicholowa. Dokta Ngoyi aliniongoza kwenye simu, kiasi gani cha dawa walizotushushia, wakati gani. Kidani tukakifunga kwapani mwake, kiwe shahidi wetu. Kikibaki safi, kiraka nacho kiko salama.

Nikaanza kupandisha.

Dawa haikumlaza kabisa. Mara kwa mara alirudi juu ya usingizi wake, midomo imekuwa ya kijivu, akasema kwa ile sauti ya kifaranga, "Mama, baridi."

Mama yake alikuwa amekaa pale pale, kikombe cha chai ya moto kando yake.

"Najua, mwanangu."

"Nishike."

"Siwezi, mwanangu. Najua."

Nilimwona akikalia mikono yake. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye wakati ule, na sikujua namna ya kumwambia.

Siku zilipita hivyo. Tulipofikia kina ambacho mchana hujipenyeza, dirisha dogo likawa na weusi uliopungua kidogo, kisha buluu nzito. Mapacha hawakuwahi kuona mwanga usiotoka kwenye taa. Bukuru aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akaangalia, kisha akaondoka akakaa na mgongo kwa dirisha. "Sijaangalia," akamwambia nduguye aliyelala. "Nimeona kidogo tu. Nakusubiri."

Kilichotokea baadaye hakikuwa kosa la mtu. Nilisinzia. Mama naye alikuwa amesinzia, kichwa ukutani. Niliposhtuka, wavu ulikuwa umelemewa. Bukuru alikuwa amepanda usingizini, macho ameyafumba, amejikunja nyuma ya pacha wake ndani ya kitenge kilicholowa, amemkumbatia kama siku zote. Shavu la Butoyi lilikuwa limeanza kupata rangi.

Nilimkamata Bukuru mkono nikamvuta kwa nguvu mpaka akaanguka sakafuni. Akapiga yowe. Nikatoa kidani kwapani. Pembeni mwake palikuwa na ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo.

"Umemfanya nini mwanangu?" Mama Bukuru alikuwa amesimama juu yangu.

Nikamwonyesha kidani. Alikiona. Alijua mara moja, akakaa chini pale pale, akavuta kichwa cha Bukuru mapajani. Mimi nilikuwa nachovya vitambaa na kumwaga maji, nachovya na kumwaga, huku namwambia Dokta kwenye simu maneno ambayo sasa hata siyakumbuki. Kushuka tena hatukuweza; akiba ya gesi isingetosha kuanza upya. Tulikuwa na baridi peke yake.

Ukungu ulichukua muda mrefu kupungua. Haukuisha wote.

"Mama," Bukuru akasema, alipokwisha kulia, "nifunge."

"Nikufunge nini?"

"Mkono. Kwenye kitanda. Nikiwa macho nakumbuka, lakini usingizini sijui."

Mama yake akachana pindo la khanga. Alimfunga kila alipotaka kulala, fundo legevu, kwa kumwonea huruma, na Bukuru alilikaza mwenyewe kwa meno.

*

Tulitoka majini saa za asubuhi. Sina la kusema juu ya jua. Nilikuwa nimelisahau, likaniumiza macho, basi.

Hakuna ngoma iliyopigwa. Watu wa Chini waliotutangulia walikuwa wamejipanga kwenye sitaha na ngoma zao, lakini Dokta Ngoyi aliwanyamazisha kwa mkono. Butoyi alitolewa wa kwanza, kinyume cha desturi, ndani ya sanduku la barafu, amefunikwa gubigubi kwa kitenge cha kijani ili jua lisimguse. Alipita chini ya kile alichokuja kukitazama na hakukiona. Bukuru alifuata nyuma yake akikanyaga walipokanyaga wabeba sanduku, macho ameyafumba, ameshika upindo wa nguo yangu nimwongoze. Nilimwambia afumbue. Akakataa.

Wapasuaji walikaa na Butoyi mpaka jioni. Dokta alipotoka alikuwa na kibakuli cha chuma, akaniita pembeni. Kile kiraka kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nusu yake ilikuwa safi. Nusu nyingine ilikuwa maziwa matupu, na ufa umeshaanza kutembea kutoka ukingoni.

"Kingevumilia siku moja zaidi?" nikauliza.

"Sidhani," akasema. "Moyo uko salama. Kichwa, tungoje."

Tukangoja. Walimpasha joto kidogo kidogo, na bado hakuamka. Mama Bukuru alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono ameikalia. Hakuna aliyemwambia aikalie, mikono yenyewe ilikuwa imezoea. Bukuru alikaa sakafuni, kitambaa amejifunga machoni sasa, kwa sababu watu wetu wa Chini walikuwa wakimchokoza atazame dirishani. Wauguzi wakadhani ni kipofu, wakamwonea huruma, akawaacha wadhani hivyo.

Siku Butoyi alipoamka, mkono wake wa kushoto haukuamka naye. Uko hivyo mpaka sasa, unaning'inia, na mafundi wenzangu wananiambia ni bei nafuu. Lakini si wao walioilipa.

Alifumbua macho, akatazama dari muda mrefu. Midomo ikasogea. Mama yake akainama.

"Mama, baridi."

Sote tulishtuka, kwa sababu sauti haikuwa yake. Sauti ya kifaranga ilikuwa imebaki ziwani pamoja na ile gesi. Hii ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, sauti aliyozaliwa nayo na ambayo mama yake, miaka yote hiyo, hakuwahi kuisikia.

Mama Bukuru alinyoosha mikono, ikasimama hewani. Hakumtazama Dokta. Alinigeukia mimi, niliyemkatalia wiki nzima.

"Nimshike?"

"Mshike," nikasema. "Mshike, Mama Bukuru."

Akapanda kitandani na viatu vyake. Nami nikainama, nikamfungua Bukuru kitambaa.